Barua Iliyokuwa Chini ya Picha

Nchi hii ina jina, lakini sheria inataka jina hilo litanguliwe na vyeo vyote vya Baba wa Nchi, na pumzi zangu mimi ni za kawaida. Kwa hiyo tutaiita nchi tu. Ina mito, ina milima, ina mawaziri, na wananchi wanaipenda kwa mpangilio huohuo.

Miaka kadhaa kabla ya haya kutokea, Serikali yetu sikivu iliamua kuachana na karatasi. Matangazo yote, kuanzia la chanjo ya mbwa mpaka la vita, yangetumwa kwa barua pepe kwenye simu za wananchi, na mwananchi akishatumiwa atahesabiwa kuwa amesoma. Lilikuwa jambo la maendeleo. Tulilipigia makofi uwanjani, kila mtu ameinua simu yake juu kama tulivyoelekezwa.

Ikaundwa Wizara ya Barua Pepe. Haukupita muda watu wakalalamika kwamba simu zinakata chaji kabla ya saa sita mchana, ikaundwa Wizara ya Betri. Ya kwanza iliamuru data iwashwe wakati wote ili barua ziingie. Ya pili iliamuru data izimwe wakati wote ili chaji isitoke. Askari wa wizara hizo walikuwa wakikutana njia panda wamemshika mwananchi mmoja, huyu kwa kosa la kuzima na yule kwa kosa la kuwasha, na mwananchi akabaki katikati akivutwa kama nguo ya mtumba. Baba wa Nchi kwa hekima yake akaziunganisha wizara hizo chini ya mtu mmoja, Mheshimiwa Kibulula, naye akamaliza mgogoro kwa hotuba ya redioni.

"Ndugu wananchi," alisema, "simu ni kama ng'ombe, ukimkamua kutwa nzima atakauka. Punguzeni mwanga wa kioo. Msiiache simu ijitafutie barua yenyewe kila dakika kama kuku wa kienyeji. Itafuteni nyinyi kwa mkono. Washeni data mnaposoma barua. Zimeni data mnapoipokea."

Tukapiga makofi. Tulipofika nyumbani ndipo wachache wakajiuliza barua itaingiaje data ikiwa imezimwa, lakini utaratibu wa kuuliza swali ulikuwa kwa barua pepe.

Hata hayo tungeyazoea. Shida ilikuwa picha. Kila barua ya Serikali ilianza na picha ya Baba wa Nchi, kubwa, iliyopigwa kwa kamera ya kisasa, yenye kuonyesha kila unyoya wa kofia yake na kila medali kifuani. Maneno yalikuwa chini, baada ya viatu. Kwa mtandao wetu, picha hiyo ilishuka polepole kama pazia la kanisa. Unyoya wa kofia asubuhi, kofia yenyewe ukishakunywa chai, paji la uso ukishafua. Bando likiwa na nguvu ungeweza kuona nyusi. Kwenye pua, simu nyingi zilizima. Wako vijana waliozaliwa na kuoa katika utawala huu ambao hawana hakika kama Baba wa Nchi ana mdomo, ingawa wanamsikia redioni kila siku na wanakisia.

Watu wakawa wanaulizana sokoni, "Wewe umefika wapi?"

"Niko kwenye nyusi. Wewe?"

"Juzi niliona tundu moja la pua, umeme ukakatika."

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukisoma matangazo ya Serikali yetu.

*

Katika mtaa wa Majimbi, ulio bondeni chini ya bwawa kubwa la umeme, alikaa msusi mmoja aliyeitwa Sikudhani. Alikuwa mwanamke mnene mwenye mikono myepesi na ulimi mkali wa kuumiza, na saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake. Aliwahi kuolewa na mtu aliyeitwa Kondo Ligonja. Kondo alimwacha akaenda mjini kuoa mwingine, na kwa kuwa alikuwa mtu asiyejua kumaliza jambo, aliendelea kumtumia Sikudhani barua pepe zenye picha: Kondo na mke mpya, Kondo na kochi jipya, Kondo amevaa suti amelala juu ya gari ambalo halikuwa lake.

Siku ya Jumanne, Sikudhani akiwa anamsuka mteja, iliingia picha ya Kondo akilishwa keki. Aliitazama mpaka keki ikafika mdomoni. Kisha akaweka kitana chini, akaingia kwenye mipangilio ya simu na kuanza kubonyeza kila kitu kwa hasira, kama mtu anayetafuta mwizi uvunguni. Katika kubonyeza huko alikuta mahali palipoandikwa: *Onyesha picha kwenye barua.* Akapazima.

"Umefanya nini?" aliuliza mteja wake, Mama Tuzo, ambaye upande mmoja wa kichwa ulikuwa umeshasukwa na mwingine umesimama wima.

"Nimemuua Kondo," alisema Sikudhani.

Akarudi kwenye barua kuhakikisha. Kondo hakuwepo, palibaki kiboksi cheupe tu. Kwa kuwa alikuwa ameshafungua, akagusa na barua ya Serikali iliyoingia tangu Jumamosi, ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameshaiacha kwenye kofia. Nayo ilikuwa na kiboksi cheupe, na chini yake, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akaona maneno.

Aliyasoma kimya. Halafu akayasoma tena kwa sauti.

"*Bwawa limejaa kupita kiasi. Milango yote itafunguliwa Alhamisi asubuhi. Wakazi wa Majimbi wahamie kilimani kabla ya hapo. Serikali inawatakia safari njema.*"

Mama Tuzo alishika upande wa kichwa uliokuwa haujasukwa. "Alhamisi ipi?"

"Keshokutwa."

*

Sikudhani alikwenda kwanza kwa mtendaji wa mtaa, kijana mwenye tai, akamwonyesha simu. Mtendaji aliitazama kwa mbali, kama inauma.

"Dada, hii barua haina sura."

"Ina maneno."

"Maneno bila sura ni uvumi. Na mimi siwezi kutangaza kitu ambacho sijakipokea kwenye simu ya ofisi."

"Simu ya ofisi imefika wapi?"

Mtendaji alifungua droo, akachungulia. "Kwenye sikio la kushoto," alisema. "Nadhani kufikia Ijumaa tutakuwa kwenye mabega."

Sikudhani akaenda nyumba kwa nyumba. Wengine walimwamini kidogo, wengine hawakumwamini, na wengi walisema kwamba wangeamini kama wangepata muda wa kuchaji. Watu wa Majimbi si wajinga. Walikuwa wameshahamishwa mara nyingi kwa maneno, na kila mara waliporudi walikuta mwingine ameshahamia. Sikudhani aliona kwamba kwa hoja hataondoka na mtu.

Basi akarudi saluni. Wiki hiyo kulikuwa na harusi mtaani, na wanawake wa Majimbi walikuwa wamejipanga kwenye benchi mpaka barazani. Akawasuka wote, tangu jioni hiyo na kutwa ya Jumatano, kwa kasi ambayo hawakuwahi kuiona, na kila mmoja alimsuka nusu kichwa. Akimaliza nusu, anasema, "Mwingine."

"Na mimi huku?" waliuliza.

"Huko nitamalizia kilimani. Nahamisha saluni. Anayetaka kwenda harusini na nusu kichwa, abaki."

Walimtukana. Walimwita majina ambayo sitayaandika, maana barua zetu husomwa. Lakini Jumatano jioni ulionekana msafara ukipanda kilima: mbele Sikudhani na viti vyake vya plastiki, nyuma yake wanawake wenye vichwa nusu shamba nusu pori, nyuma yao waume waliotumwa kubeba magodoro, na nyuma ya waume watoto, mbuzi, na bwana harusi ambaye hakutaka kuachwa. Mtendaji alisimama mlangoni akawauliza kama wana kibali cha kuandamana. Walipompita bila kumjibu, akaona kwamba hana tena mtu wa kumtendea lolote. Akafunga ofisi, akafuata.

Akabaki mtu mmoja, Mzee Ligonja, baba yake Kondo.

*

Mzee Ligonja alikuwa mwanachama wa Chama tangu kadi zikiandikwa kwa mkono. Alimpenda Sikudhani kuliko alivyompenda mwanawe, na tangu waachane aliendelea kumwita mkwe na kula kwake kila Ijumaa. Alhamisi alfajiri Sikudhani alipohesabu watu kilimani na kumkosa, alishuka mbio.

Alimkuta amekaa kwenye kiti mbele ya nyumba, simu mapajani, waya wa chaji umepita dirishani.

"Baba, twende."

"Subiri, mkwe. Leo mtandao ni mzuri. Nimepata masharubu."

"Baba, maji yanakuja."

"Kama yanakuja, nitaambiwa. Miaka yote hii nimetumikia, nitaambiwa. Siwezi kukimbia kabla ya kuambiwa, wataniona mpinzani." Alimgeuzia kioo. "Tazama. Kumbe ana masharubu."

Sikudhani alitazama masharubu, kisha akatazama juu ya bonde. Kulikuwa na mngurumo ambao mwanzo ungedhani ni lori, lakini hakuna lori linalonguruma bila kupumua. Ndege walikuwa wameshaondoka kwenye miti ya mtoni. Alipiga magoti mbele ya mzee.

"Baba, nakuomba. Sitakuomba kitu kingine."

"Kaa nami, basi. Picha ikifika mdomoni tutajua amesema nini."

Sikudhani akasimama. Akaichomoa simu kwenye waya, akaitia kifuani ndani ya blauzi, akageuka kupanda kilima mbio kwa kadiri mwili wake ulivyomruhusu.

"Mwizi," alisema Mzee Ligonja, kwanza kwa mshangao. Kisha akachukua fimbo yake na kumfuata akipiga kelele kwamba mkwe wake amemwiba Baba wa Nchi. Alikuwa mzee wa magoti mabovu ambaye hakuwa amepanda kile kilima tangu mazishi ya mkewe, lakini hasira ni mguu wa tatu. Walipofika kwenye mwamba wa katikati alimkamata kitenge, akainua fimbo. Ndipo aliposikia, akageuka.

Maji yalikuwa yameingia Majimbi. Hayakuja kama mto. Yalikuja kama ukuta wa rangi ya chai ya maziwa, umebeba miti. Kiti chake kilionekana kidogo kikizunguka, halafu hakikuonekana. Saluni ilisimama, ikasita, ikakaa chini taratibu kama mtu aliyechoka. Kutoka juu kulisikika wanawake wakilia, wakitaja majina ya vitu: kabati langu, cherehani yangu, kuku wangu.

Mzee Ligonja alishusha fimbo. Aliendelea kukishika kile kitenge.

"Mkwe," alisema, "hawakuniambia."

"Walikuambia, Baba. Ilikuwa chini ya viatu."

Alikaa kwenye mwamba, akalia kama mtoto, na Sikudhani akakaa naye mpaka alipomaliza.

*

Hakufa mtu hata mmoja. Redio ilitangaza kwamba huo ulikuwa ushindi mkubwa wa mfumo wa barua pepe. Mheshimiwa Kibulula alisema wananchi wa Majimbi wamesoma, wameelewa, wametekeleza, na kwamba nchi jirani zimeomba kuja kujifunza. Watu wa Majimbi waliyasikia hayo wakiwa wamekaa chini ya kanga zilizofungwa kwenye vichaka, mvua ikiwanyeshea. Waliandika kuomba mahema. Wakajibiwa kwa picha.

Wangesahauliwa, kama wizara isingekuwa na mtaalamu mmoja mwenye bidii. Huyu aligundua kwenye mitambo kwamba katika Majimbi yote hakuna simu iliyofungua picha ya Baba wa Nchi mpaka mwisho. Je, walijuaje? Maafisa wakatumwa kuchunguza. Wa kwanza kuhojiwa alikuwa Mzee Ligonja, ambaye hajawahi kusema uongo kwa mtu mwenye kitambulisho.

"Ni mkwe wangu aliyetuokoa," alisema kwa fahari. "Yeye ameondoa zile picha."

Koplo Makorere alimkamata Sikudhani akiwa katikati ya kumalizia kichwa cha Mama Tuzo. Shitaka lilisema kwamba alisoma maneno ya Serikali bila kupitia uso wa Baba wa Nchi, na kwamba kwa kuondoa uso huo kwenye simu alikuwa amempindua kwa kiwango cha mkononi.

Mahakamani hakimu alitaka kuona kielelezo. Mwendesha mashtaka akawasha simu ili kuonyesha barua halali inavyofunguka. Mahakama nzima ilisimama kwa heshima unyoya ulipotokea. Ilisimama mpaka kwenye paji la uso, hakimu akiegemea meza, makarani wakibadilishana miguu. Kwenye nyusi simu ikazima. Wakaomba chaja. Umeme ukakatika. Kesi ikaahirishwa mpaka chaji itakapopatikana, mshitakiwa akarudishwa mahabusu. Utaratibu huo ulirudiwa kila kesi ilipoitwa, na mara zote hakimu alikuwa mwangalifu kusema kwamba Jamhuri inasonga mbele.

Mahabusu Sikudhani alikonda. Hakuogopa kifungo, aliogopa kwamba watu wake wako chini ya kanga, na kwamba Mzee Ligonja, aliyekuwa akija kila siku kusimama nje ya ukuta, ameanza kukohoa. Alikohoa upande wa pili wa ukuta, na ndivyo Sikudhani alivyojua kwamba amefika.

*

Asubuhi moja Koplo Makorere alimtoa, akamvalisha kanga safi, akampeleka wizarani mbele ya Mheshimiwa Kibulula mwenyewe. Ofisi ilikuwa na soketi kila ukuta na mashine ya kupoza betri. Mheshimiwa alikuwa mtu mfupi mwenye sauti kubwa, na kwa kuwa koplo alikuwepo, alianza na ile sauti.

"Mama, umeitikisa nchi. Umefika hapa ili wizara ijionee, kwa macho ya kitaalamu, jinsi uhalifu huu unavyotendeka. Koplo, toka nje."

Koplo alitoka. Mheshimiwa alisikiliza mpaka buti zilipopotea koridoni. Kisha akatoa simu mfukoni, akaisukuma juu ya meza, na ile sauti kubwa haikuwepo tena.

"Dada yangu," alisema, "kuna barua ya Ikulu. Ina alama nyekundu ya haraka. Imeingia tangu mwezi uliopita. Nimepunguza mwanga wa kioo, nimezima kila kitu, nimeiweka karibu na dirisha, nimekwenda nayo mpaka kwenye mnara. Sivuki kola ya shati."

"Si ungemwita mtaalamu wako?"

"Ili aseme waziri hawezi kusoma?"

Sikudhani alivuta kiti, akakaa bila kuambiwa. Aligusa hapa, akagusa pale, akapazima. Kiboksi cheupe kikatokea, na chini yake maneno machache. Aliyasoma, akamtazama Mheshimiwa, akayasoma tena.

"Inasema nini?"

"Nisome yote?"

"Soma."

"*Umefukuzwa kazi kuanzia leo. Nafasi yako itashikwa na Bwana Lutengano, Mkuu wa Wilaya ya Kaskazini Juu, ambaye naye amearifiwa kwa njia hii.*"

Mashine ya kupoza betri ilikuwa ikivuma. Mheshimiwa Kibulula alirekebisha tai, akaiharibu, akairekebisha tena.

"'Leo' ya lini?"

"Ya mwezi uliopita."

"Na huyu Lutengano." Alikohoa. "Hajaja. Ina maana hajafika chini."

"Huenda yuko kwenye kofia bado."

"Huko Kaskazini Juu umeme wanapata?"

"Mheshimiwa ndiye waziri wa hayo," alisema Sikudhani. "Au ndiye aliyekuwa."

Waliangaliana. Mheshimiwa hakuwa mjinga. Mjinga hadumu serikalini, anayedumu ni mtu anayejua kuonekana mjinga kwa wakati wake. Alitazama mlango, akatazama simu, akamtazama mwanamke aliyekaa mbele yake na kanga ya mahabusu.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe. Na anayejua kuzima picha, akitaka."

"Unataka nini?"

Sikudhani hakuhitaji kufikiri. Alikuwa amefikiri ukutani siku zote zile, kila alipomsikia Mzee Ligonja akikohoa. "Kesi yangu ife. Mahema leo. Mabati, mbao na misumari ya nyumba zote za Majimbi, zijengwe kilimani, si bondeni. Na daktari apande nao."

"Hayo ni ya wizara nyingine."

"Utawaandikia."

"Kwa barua pepe?"

"Kwa kalamu," alisema Sikudhani. "Nataka yafike."

Mheshimiwa alitafuta kalamu katika ofisi nzima. Hatimaye waliipata kwa mlinzi wa geti, aliyekuwa akiitumia kujikunia mgongo. Akaandika kwa mkono uliosahau, amri nne, akazipiga muhuri. Alipompa Sikudhani zile karatasi alizishikilia kidogo.

"Dada, nikisaini hivi wakati mimi si waziri, si ni kosa?"

"Kwani umesomewa barua na nani?" aliuliza Sikudhani. "Mimi ni msusi."

Akaziachia.

*

Malori yalifika kilimani siku iliyofuata, jambo ambalo wataalamu wetu wa historia bado wanalichunguza. Daktari alimpima Mzee Ligonja kifua, akampa dawa na kumkataza kusimama nje ya kuta. Mzee aliuliza kama kuna tangazo lolote jipya. Sikudhani alimzimia picha kwenye simu yake, akamfundisha mahali pa kugusa, na mzee akashinda kutwa nzima akisoma matangazo ya miaka yote, moja baada ya jingine, akitikisa kichwa. Kumbe kulikuwa na mkutano wa wazee aliokuwa amealikwa. Kumbe walimtangaza mwanachama bora, wakamngoja, hakufika.

Karani aliyekuja na malori hakupenda kushusha mzigo. Alikuwa hajawahi kuona amri ya Serikali yenye wino. Aliigeuzageuza ile karatasi, akainusa, akaipeleka juani.

"Hii imeidhinishwa na nani?"

"Waziri," alisema Sikudhani.

"Waziri yupi?"

"Aliyepo," alisema, akashika upande mmoja wa bati. "Haya, shika huko."